Fundo la Kupunguzia Kamba: Mahali pa Kitenzi katika Msamiati wa Kazi za Mikono

Kamba ndefu kuliko kazi iliyokusudiwa ni udhia unaojulikana na kila mtu aliyewahi kufunga mzigo, kutweka tanga au kuteka maji kisimani. Njia nyepesi ya kuuondoa udhia huo ni kisu, lakini mwenye kamba haikati kwa urahisi. Kamba ya makumbi ni kazi ya miezi. Makumbi ya nazi hufukiwa pwani penye maji ya chumvi hata yakalainika, hufukuliwa, hupondwa kwa gongo, ndipo nyuzi zake zikasokotwa kwa viganja. Ikisha kukatwa haiungiki tena ila kwa fundo, na pale penye fundo ndipo penye udhaifu. Wahenga waliosema kwamba ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa walikuwa wakiipima thamani ya kitu walichoishi nacho. Si ajabu, basi, kwamba mabaharia na wachukuzi walitafuta fundo la kupunguza urefu wa kamba pasipo kuikata, tena pasipo kuzigusa ncha zake, maana aghalabu ncha moja huwa juu ya mlingoti na nyingine imekwisha kufungwa kwingine.

Makala haya yanalieleza fundo hilo kwa Kiswahili, kisha yanatazama ni maneno ya aina gani yaliyoibeba kazi ya kueleza. Dai lake ni kwamba katika maelezo ya kazi za mikono mzigo mkubwa huchukuliwa na vitenzi pamoja na minyambuliko yake, wala si na majina; na kwamba mkusanyaji wa istilahi anayeandika majina peke yake huiacha nyuma sehemu yenye manufaa zaidi. Jambo hili si la nadharia tupu. Itaonekana hapa chini kwamba kwa fundo hili hasa, tofauti ya kitenzi kimoja na kingine yaweza kuwa ndiyo tofauti ya mtu kupanda salama na mtu kuanguka.

Namna linavyofungwa

Kamba hulazwa ikielekea kushoto na kulia. Sehemu yake ya kati hukunjwa mara mbili, mfano wa herufi Z, hata zikapatikana safu tatu zilizolala sambamba. Palipokunjwa pana mapindi mawili, moja kulia na moja kushoto. Ule upande wa kamba utokao kushoto hupita kando ya pindi la kushoto. Hapo, karibu na pindi, kamba hupindwa ikajikata yenyewe na kufanya kitanzi kidogo. Pindi huchomekwa ndani ya kitanzi hicho kutoka nyuma, likachomoza mbele kiasi cha upana wa vidole vitatu au vinne. Upande wa kulia hufanywa vivyo hivyo. Mwisho, pande zote mbili za kamba huvutwa kwa pamoja, polepole, hata vitanzi vikakaza na kuyafumbata mapindi.

Hesabu yake ni nyepesi. Safu tatu zimekaa mahali pa safu moja, kwa hiyo kamba hupungua mara mbili ya umbali ulioko baina ya pindi na pindi. Mapindi yakiachana kwa sentimita 50, kamba hupungua kadiri ya mita 1, bila kuhesabu kiasi kidogo kinachomezwa na vitanzi. Mtu akitaka kupunguza zaidi hurefusha mapindi, au hukunja mara nne badala ya mbili, akapata safu tano na kupunguza mara nne ya umbali ule.

Fundo hili lina kazi ya pili. Kamba ikichakaa mahali pamoja katikati, hukunjwa kwa namna ambayo pale palipochakaa huangukia katika safu ya kati. Mvuto uliokuwa ukipita hapo peke yake sasa hugawanywa baina ya safu tatu, na pale pabovu hupumzishwa. Hata safu hiyo ikikatika kabisa, fundo laweza kuendelea kushika maadamu kamba imevutwa pande zote mbili. Husemwa kwamba kamba hukatikia pabovu. Fundo hili ni hila ya kuucheleweshea ukweli huo, wala si ya kuufuta.

Majina yaliyotumika katika maelezo hayo ni machache mno: kamba, upande, safu, pindi, kitanzi. Hakuna hata moja lililobuniwa kwa ajili ya kazi hii. Pindi ni lile lile linalosemwa juu ya nyoka aliyejipiga mapindi, na kitanzi hujulikana na mtoto aliyetega ndege. Lililopaswa kufanywa ni kuyatenganisha tu: palipo na pindi kamba imerudi nyuma bila kujikata, palipo na kitanzi imejikata. Kinyume chake, vitenzi ni vingi, na kila kimoja kina mahali pake: kulaza, kukunja, kupinda, kujikata, kuchomeka, kuchomoza, kuvuta, kukaza, kufumbata. Kuchomeka kukibadilishwa kuwa kutia, maelezo yanabaki sahihi lakini yanapungukiwa, kwa kuwa kutia hakusemi kwamba kitu kimepita mahali pembamba na sehemu yake imebaki nje. Kufumbata ndiko kunakostahili kuangaliwa zaidi. Wanasarufi wamelihesabu neno hili pamoja na kamata, ambata na pakata katika kauli ya kutendata, kauli inayodokeza mguso wa nguvu baina ya vitu viwili. Kauli hiyo haizalishi tena vitenzi vipya, na wanafunzi wengi huipita kama mabaki tu ya sarufi ya kale. Lakini fundo zima limo ndani yake. Kitanzi hakilifungi pindi, hulifumbata kama kiganja kinavyofumbata sarafu, na kiganja kikilegea sarafu huanguka.

Namna linavyoshindwa

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mafundo mengi hushika kwa sababu kamba imejifunga yenyewe, na hata ikilegea fundo hubaki. Fundo hili halina sifa hiyo. Hushika kwa mvuto tu. Kamba ikivutwa, vitanzi hubana, nyuzi husuguana, na mapindi hukwama. Mvuto ukiondoka, vitanzi hulegea, mapindi huchomoka, na kamba huurudia urefu wake wa kwanza bila mtu kuigusa.

Mfano wa mbuzi unalionyesha jambo hili vizuri. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, na mfugaji akiona mnyama anayafikia mahindi ya jirani huona heri kuipunguza. Akitumia fundo hili atakuwa amejidanganya. Mbuzi huvuta kamba asubuhi, lakini mchana hurudi penye kigingi kutafuta kivuli. Kamba hulegea, mapindi huchomoka, na jioni mahindi yameliwa. Kwa mnyama yafaa fundo la kawaida, lile linalobaki hata pasipo mvuto. Kwa turubai la lori, au kwa kamba inayouzuia mlingoti usiyumbe, fundo hili laweza kufaa, kwa kuwa hapo mvuto haukomi hata mtu aulegeze kwa makusudi. Nusu yake, yaani pindi moja na kitanzi kimoja, hutumiwa na wapiga kengele wa makanisa ya Uingereza ili kamba isiburure sakafuni, na umbo lililo ndugu yake huonekana kila siku katika kamba zinazokazwa juu ya shehena za malori.

Mfano wa kisima ni mzito zaidi. Mchimbaji huteremshwa kwa kamba iliyofungwa kiunoni. Ikiwa kamba ina mahali palipochakaa na mtu wa juu amelipitishia fundo hili, mteremko utakwenda salama, kwa sababu uzito wa mtu unaivuta kamba muda wote. Miguu ikigusa chini, mvuto hutoweka. Mapindi huchomoka kimya, huko katikati ya kisima ambako jicho la mtu wa juu halioni. Jioni mchimbaji akipaza sauti apandishwe, uzito wake wote huangukia pale pale palipochakaa, na sasa hakuna safu mbili za kusaidia.

Mkufunzi anayetaka kumwonya mwanagenzi juu ya hatari hiyo atasema nini? Akisema, “Fundo hili hufunguka,” amesema kweli isiyotosha. Kufunguka ni kutendeka kwa kufungua, na mlango nao hufunguka. Mwanagenzi atadhani kwamba fundo likikazwa sana halitafunguka. Akisema, “Fundo hili hufunguliwa,” amempotosha zaidi, kwa sababu amemleta mtendaji asiyekuwapo. Akisema, “Kamba ikilegea, pindi huchomoka,” amekwisha kueleza chanzo, mahali na namna ya ajali kwa maneno manne. Kulegea kunasema kwamba hakuna aliyekosea, mvuto tu umeondoka. Kuchomoka kunasema kwamba kilichokuwa kimechomekwa kimetoka kwa njia ile ile kilimoingilia. Mtu aliyeshika uhusiano wa chomeka na chomoka hahitaji mchoro wa kumwonyesha pa kuangalia: ataangalia kile kichwa cha pindi kilichochomoza mbele ya kitanzi.

Hazina ya lugha hii kwa aina za kushindwa kwa kamba ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kamba hukatika ikivutwa kupita nguvu yake. Hufumuka misokoto yake ikiachana. Huchakaa kwa matumizi, hulika kwa kusuguliwa, hutatana ikiachwa ovyo. Fundo huteleza likiwa limeshika lakini linahama, huachia likiwa limeshindwa ghafla, hukwama likiwa halitoki hata linapotakiwa kutoka, na hapo hukwamuliwa. Kila jozi ya kauli ya kutenda na ya kutendua, kunja na kunjua, funga na fungua, kwama na kwamua, humpa mwanafunzi kazi na kinyume cha kazi kwa shina moja. Yafaa ikumbukwe pia kwamba tatizo na utatuzi, maneno ambayo leo ni ya mikutano na hotuba, yana shina moja na kutatana kwa kamba.

Suala la jina

Fundo hili ni kongwe. Nahodha Mwingereza John Smith alilitaja katika kitabu chake cha ubaharia kilichotoka mwaka 1627, na jina alilolitumia ndilo linalotumiwa na Waingereza hadi leo, lenye maana ya muundi wa kondoo. Wafaransa huliita mguu wa mbwa. Wajerumani na Waholanzi waliona humo umbo la tarumbeta. Kila taifa limetazama safu tatu zilizobanwa huku na huku, likachagua mfano uliokuwa karibu na macho yake.

Mfasiri mwenye haraka atavutwa kuandika fundo la mguu wa kondoo, na hapo atakuwa ameanguka shimoni. Fundo la mguu, au kifundo cha mguu, ni kiungo kinachojulikana cha mwili. Msomaji wa Kiswahili atakayekutana na jina hilo atatazamia habari za mifupa ya mnyama, au labda za supu. Tafsiri ya neno kwa neno, ambayo mara nyingi husifiwa kwa uaminifu wake, hapa inazaa upuuzi kwa sababu fundo katika Kiswahili lina jamaa wengi: liko katika muwa, liko mguuni, liko hata moyoni, pale mtu anapomwekea mwenzake fundo.

Jina la kazi lafaa zaidi, lakini nalo lataka uangalifu. Fundo la kufupisha kamba laweza kueleweka kana kwamba kamba imefupishwa moja kwa moja, jambo ambalo kisu hulifanya. (Kukata kamba kuna maana nyingine tena, nayo si ya kutumia mbele ya wafiwa.) Kupunguza kunafaa kuliko kufupisha, kwa kuwa kilichopunguzwa chaweza kuongezwa tena. Kauli ya kutendea hulikamilisha jina: fundo la kupunguzia kamba, kama kisu cha kukatia na kamba ya kufungia. Kiambishi hicho kimoja hulitangaza fundo kuwa chombo mkononi mwa mtu, wala si tendo lililokwisha. Kwa hiyo hata pale jina linapotafutwa, linalolipatia jina usahihi ni mnyambuliko wa kitenzi.

Majina ya wageni, vitenzi vya wenyeji

Msamiati wa vyombo vya tanga unaliunga mkono dai hili kwa namna ya pekee. Kamba za jahazi zina majina yake: henza na jarari za kupandishia foromali, hamarawi za kuituliza, demani ya kulivutia tanga, amari ya nanga. Mengi ya majina hayo yalikuja na biashara ya Bahari ya Hindi kutoka katika lugha za Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi, na moja lao, demani, limekuwa pia jina la majira ya mwaka. Lakini mkono unapoifikia kamba, maneno hubadilika. Baharia huvuta, hukaza, hulegeza, hutweka, hutua, hufunga, hukunja, husokota. Vitenzi hivi karibu vyote ni vya asili ya Kibantu, na vingi vilikuwa vikitumiwa kwa magome, ngozi na majani kabla ya jahazi la kwanza kutia nanga. Chombo kilipokelewa pamoja na jina lake, lakini kazi ya kukitumia ilielezwa kwa maneno yaliyokuwapo nyumbani.

Wakusanyaji wa zamani waliyahifadhi majina hayo kwa bidii inayostahili shukrani. Yamo katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, yamo katika kamusi ya Sacleux ya Kiswahili na Kifaransa iliyoanza kutoka mwaka huo huo, na ubaharia wa Lamu ulipata kitabu kizima cha A. H. J. Prins mwaka 1965. Hata hivyo, desturi ya kuandika jina la kitu na kuliacha tendo lake imeendelea katika kazi za baadaye. Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, lililoundwa mwaka 1967, lilitoa katika miaka ya 1970 vijitabu vya Tafsiri Sanifu ambavyo vilizisaidia sana ofisi na shule; lakini kwa tabia ya orodha zote za aina hiyo, sehemu kubwa yake ni majina. Ofisi huishi kwa majina. Karakana haiwezi.

Nchini Kenya, mfumo wa elimu ulioanzishwa mwaka 1985 ulikifanya Kiswahili somo la lazima lenye kutahiniwa, na papo hapo ukaleta masomo ya ufundi na kazi za mikono shuleni. Hayo mawili yalikaa katika vyumba vya jirani bila kuzungumza, kwa kuwa ufundi ulifundishwa kwa Kiingereza. Mtoto wa seremala au wa baharia aliyekuja shuleni na vitenzi vyote vya babake aliambiwa, pasipo maneno, kwamba havina mahali katika daftari. Wala haitoshi kujibu kwamba istilahi hazikuwapo. Maelezo ya fundo yaliyotangulia hayakuhitaji neno hata moja la kubuni.

Sarufi ya mahali nayo ilisaidia kimyakimya. Katika maelezo yale palipokunjwa ni mahali mahususi, panapoweza kuguswa kwa kidole. Kilimoingilia ni ndani ya kitanzi. Kwingine, kule ilikofungwa ncha ya pili, ni mbali pasipohitaji kutajwa. Tofauti ya pa, ku na mu, ambayo E. O. Ashton aliieleza kwa urefu katika sarufi yake ya mwaka 1944, imekuwa ikipotea katika mazungumzo ya miji mingi, ambako pa na ku hushika kazi zote. Mtu anayeeleza fundo bila mu hulazimika kuongeza maneno, au kunyoosha kidole.

Kamba mpya

Nailoni na jamaa zake zilipoingia sokoni, ziliyapa maelezo haya haja mpya. Kamba ya makumbi na ya mkonge ina miiba midogo ya nyuzi inayong'ang'aniana. Ya plastiki ni laini, na pengine hunyumbuka ikivutwa. Juu yake fundo la kupunguzia huteleza hata mvuto ukiwapo, na mafundisho yaliyokuwa sahihi kwa jahazi la zamani hayatoshi kwa kamba ya buluu ya dukani. Hapo pana njia mbili. Kichwa cha kila pindi, pale kilipochomoza, hufungwa kwa ugwe pamoja na upande wa kamba uliosimama kando yake. Au huchomekwa komeo, yaani kijiti kigumu kinachopita ndani ya kichwa cha pindi na kulala kukingama nyuma ya upande ule wa kamba, ili pindi lisiweze kuchomoka hata kitanzi kikilegea. Kwa kazi inayobeba uhai wa mtu, hata njia hizi mbili hazifai, na kamba iliyochakaa hubadilishwa. Kwa mzigo, ugwe au komeo hutosha. Wakati wa kufungua, kamba hulegezwa kwanza, komeo huchomolewa baadaye, na mapindi hutoka yenyewe.